Maneno ya Kuchagulia Kinasasauti

Mwalimu mmoja wa kata ya Sapiwi, wilayani Bariadi, alituletea kinasasauti chake cha dijitali pamoja na malalamiko. Alikuwa amerekodi masimulizi ya mzee mmoja kwa Kisukuma, muda wa saa mbili, na aliporejea nyumbani akakuta sauti hafifu iliyozama katika mvumo. Alituambia kwamba ameuziwa chombo kibovu. Tulikikagua tukakiona kizima. Kasoro ilikuwamo katika karatasi ya maelekezo iliyofasiriwa kwa Kiswahili, ambayo ilimwamuru “ongeza sauti” mahali pawili, kwa vitufe viwili vyenye kazi mbalimbali. Naye aliongeza kile cha visikilizio. Masikioni mwake mzee alisikika vyema kabisa, ilhali ndani ya chombo sauti iliingia kwa unyonge ule ule. Miezi mitatu baadaye alirudi kwa mzee ili aanze upya, akakuta msiba.

Tumelitaja jambo hili kwa kuwa wafasiri wengi hudhani kwamba istilahi za vyombo ni suala la mafundi tu. Mtu anayechagua kinasasauti kwa kazi yake, awe mtangazaji, mtafiti au mwalimu, huchagua kwa maneno kabla ya kuchagua kwa fedha.

Tuanze na hilo lililomponza mwalimu wetu. Kuna kiwango ambacho chombo hupokea sauti kutoka nje, na kuna kiwango ambacho msikilizaji hupewa sauti hiyo masikioni. La kwanza hubadili kile kinachohifadhiwa. La pili halikigusi hata kidogo. Twapendekeza kiwango cha kupokea na kiwango cha kusikiliza. Si maneno mazuri sana, lakini hayamdanganyi mtu. Katika chombo cha dijitali tofauti hii ni kubwa kuliko ilivyokuwa katika utepe, kwa sababu sifuri ya desibeli ndiyo dari, na sauti ikiigonga dari hupasuka pasiwe na namna ya kuiponya. Kwa hiyo wenye uzoefu huacha vilele vya mazungumzo vifike kama desibeli 12 chini ya sifuri. Wakirekodi kwa biti 24, ambazo kinadharia huchukua tofauti ya desibeli 144 badala ya 96 za biti 16, uangalifu huo hauwagharimu kitu.

Chombo kisichomruhusu mtumiaji kushika kiwango cha kupokea kwa mkono wake hakifai kwa kazi hii. Kile kinachojirekebisha chenyewe, mzee anaponyamaza kuvuta fikra, hupandisha upepo na kuku wa uani. Naye anapoanza tena kusema, hukishusha kwa ghafla.

Neno la pili ni kipaza sauti. Tumezoea kuliita hivyo lile analoshika msemaji mkutanoni, na papo hapo tukaliita hivyo hivyo lile boksi linalonguruma juu ya nguzo. Kupaza ni kuinua sauti, na kinachoinua ni boksi. Wengine wamekimbilia spika, wakasahau kwamba Bunge linaye wake. Katika orodha moja ya vifaa tuliyoipitia, chombo kilisifiwa kuwa na “vipaza sauti viwili bora”. Mnunuzi hakuweza kujua kama atasikia vizuri au atasikiwa vizuri. Rai yetu ni kwamba kipaza sauti kibakie kuwa kile kinachotoa sauti, na kinachoipokea kiitwe maikrofoni, kama ambavyo watu wanakwisha kusema maiki bila kusubiri idhini ya baraza lolote.

Tofauti hiyo ni ya lazima Sapiwi kuliko studioni. Hugh Tracey alipopita Tanganyika mwaka 1950 akirekodi, miongoni mwa wengine, Wasukuma, alikuja na gari na mtambo wa umeme. Leo chombo kama Zoom H5, kilichotoka mwaka 2014, huenda mfukoni kwa betri mbili ndogo za dukani, na kina tundu la kuchomeka maikrofoni ya nje. Tundu hilo ndilo la kutazamwa kwanza, kwani maikrofoni iliyo karibu na kinywa hushinda chombo cha bei kubwa kilichowekwa mezani. Ngoma za Bagika na Bagalu zinapochezwa uwanjani, kinachookoa kazi ni kifuniko cha manyoya cha kuzuia upepo. Hicho hakina hata jina, nasi hatuna haraka ya kukipa.

Neno la tatu ndilo linalotusumbua zaidi. Faili la MP3 huambiwa “limebanwa”. Mkulima wa Bariadi anajua kubana ni nini: pamba hushindiliwa ikawa robota, na robota likifunguliwa pamba ni ile ile. MP3 haifanyi hivyo. Yenyewe huchagua kile inachokadiria kwamba sikio halitakikosa, ikakitupa, na kilichotupwa hakirudi. Hiyo yafanana na kuchambua pamba, ambako mbegu hutengwa. Wala mwenye kutaka mbegu hawezi kuziomba kwa robota. Kubana kwa kweli kupo, katika muundo wa FLAC. Basi neno kubana liachiwe huo, na MP3 isemwe kuwa imepunguzwa.

Yafaa msomaji aelewe kwa nini twashikilia hili. Kisukuma kina nazali zisizo na mghuno, zile ziandikwazo mh na nh kama katika jina la Mhunze, ambazo si zaidi ya pumzi ipitayo puani. Pumzi hiyo ni hafifu, na upunguzaji mkali huweza kuichukulia kuwa ni takataka. Saa moja ya WAV, kwa sampuli 48,000 kila sekunde, biti 24 na njia mbili, hula takriban gigabaiti 1. MP3 ya kilobiti 128 hula megabaiti 58 tu. Mwenye kadi ndogo hushawishika. Karatasi ikimwambia kwamba faili “limebanwa”, atajua lipi la kuhofia?

Kuhusu dijitali hatutabishana. Tangu mitambo ya televisheni ya analojia ianze kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, mtu aliyepitwa na wakati huitwa analojia hata vijijini, na neno linalotumika kutania limekwisha kupata uraia. Kurekodi na kinasasauti navyo vikae pamoja, kitendo kwa mkopo na chombo kwa asili.

Mwalimu wetu tulimwandikia upya ile karatasi, ukurasa mmoja, tukampa ajaribu na wanafunzi wake wawili. Alituuliza swali moja tu: kwa nini kitufe cha kupokea kimewekwa ubavuni, mahali ambapo kidole hukigusa bila kukusudia. Hilo halimo katika uwezo wa istilahi. Tulimshauri akibandike utepe wa gundi.