"Muziki wa Kale" na "Muziki wa Asili" katika Filamu: Istilahi Mbili za Kuachwa

Watafsiri wengi wakutanapo na muziki wa akina Mozart na Beethoven katika maelezo ya filamu, huuita "muziki wa kale". Wengine huuita "muziki wa asili". Maneno haya yamezoeleka masikioni, na pengine ndiyo sababu hayahojiwi. Makala haya yanakusudia kuyapima kwa filamu zenyewe. Kwani istilahi inayomzuia mtazamaji kuelewa anachokisikia haitimizi kazi yake.

Tuanze na "kale". Mwaka 1968 Stanley Kubrick alitoa filamu yake *2001: A Space Odyssey*. Alikuwa amemwagiza Alex North aitungie muziki, naye akautunga; lakini mwongozaji aliuweka kando akatumia tungo zilizokuwako tayari. Chombo kinapokisogelea kituo cha angani twasikia *The Blue Danube*, walzi ya Johann Strauss ya karne ya 19, na mitambo mizito yaonekana kana kwamba inacheza dansi. Utunzi huo waweza kuitwa wa kale, ingawa kwa taabu. Lakini itokeapo ile nguzo nyeusi isiyofahamika, twasikia sauti za György Ligeti, mtunzi aliyekuwa hai wakati huo, na utunzi wake huo ulikuwa wa miaka ya 1960 hiyo hiyo. Walzi yatutuliza kwa kuwa ni ya mazoea. Ligeti atutia hofu kwa kuwa sauti zake ni ngeni kwa masikio mengi. Mtafsiri anayeziita tungo zote mbili "muziki wa kale" amekosea tarehe, na zaidi ya hayo amefuta tofauti ambayo filamu imejengwa juu yake.

"Asili" ina madhara makubwa zaidi. Filamu ya *Out of Africa* (1985), iliyoongozwa na Sydney Pollack, ilipigwa nchini Kenya. Ndani yake mna muziki wa namna mbili. Ule wa John Barry, uliotungwa kwa ajili ya filamu hiyo, huusikia mtazamaji peke yake. Ule wa Mozart hutoka pia katika gramafoni, hata wahusika wakausikia. Katika tukio moja gramafoni yawekwa porini, nao nyani waisogelea kwa mshangao. Tukio hilo lapendeza. Hata hivyo, lina kasoro kubwa. Lamfanya mtazamaji adhani kwamba nchi ile ya ngoma, nyatiti na zumari ilikuwa kimya mpaka Mzungu alipoleta santuri. Mhakiki ana wajibu wa kulisema jambo hilo. Lakini atalisemaje, ikiwa tafsiri iliyo mbele yake yamwita Mozart "muziki wa asili", maneno ambayo kwetu humaanisha ngoma na ala za jadi? Hapo mgeni amekwisha kugeuzwa mwenyeji, na kasoro ya filamu imefichwa na mtafsiri.

Tunapendekeza "muziki wa klasiki wa Ulaya". Watakuwapo watakaosema kwamba "klasiki" ni neno la kigeni. Ni kweli, lakini "filamu" na "okestra" nayo yalikuja hivyo hivyo, na leo hakuna anayeyakataa. Maneno "wa Ulaya" si ya ziada: Wahindi na Waarabu nao wana muziki wao wa klasiki, na si haki bara moja lijitwalie jina zima. Ama enzi ya Haydn na Mozart, hiyo iitwe "kipindi cha klasiki", ili sehemu isichanganywe na jumla.

Kadhalika, pafaa kutofautisha "muziki wa tukio", ambao wahusika wanausikia, na "muziki wa usuli", ambao ni wa mtazamaji tu. Bila tofauti hii mwalimu hawezi kumweleza mwanafunzi kwa nini gramafoni ya porini ina uzito usiopatikana katika muziki wa Barry.

Kabla ya kuandika neno, basi, mtafsiri na ajiulize: muziki huu ni wa nani, ni wa lini, na ni nani anayeusikia? Istilahi itakayoyajibu maswali hayo matatu ndiyo itakayofaa. Zile zinazoyaficha, hata ziwe tamu namna gani masikioni, hapana budi kuziacha.