Kumpima Mwalimu wa Yoga Mgongo Unapouma

Wadi ya Murera, upande wa Juja, ina kazi zinazomaliza migongo: kupakia mawe ya Ndarugu kwenye lori, kulima, kukaa kwenye bodaboda tangu alfajiri. Maumivu yakizidi miezi mitatu, madaktari huyaita sugu. Mwaka 2017, American College of Physicians, chama cha madaktari wa Marekani, kilishauri maumivu sugu ya kiuno yaanze kutibiwa bila dawa, na yoga ni mojawapo ya njia kilizozitaja. Walimu si adimu tena. Tangu 2007 Africa Yoga Project ya Nairobi imewafunza vijana wengi wa mitaa ya mabanda kufundisha. Kazi ni kumjua anayefaa.

Anza kwa kumsikiliza. Kabla hujavua viatu, awe ameshauliza: panauma wapi, tangu lini, yanashuka hadi mguuni, unatumia dawa gani? Ukimwambia umeingiwa na ganzi mapajani, au mkojo unakutoka bila kujua, akutume hospitali siku hiyo hiyo. Anayekuahidi kupona, muage.

Kisha mtazame akifundisha mkao wa paka na ng'ombe. Hapo hapafichiki kitu. Umepiga magoti, viganja chini. Ukitoa pumzi mgongo unapanda, ukivuta unashuka. Mwalimu hodari hukuanzisha kwenye nyonga, pingili baada ya pingili, bila haraka. Magoti yakiuma anayawekea leso iliyokunjwa; usipoweza kabisa, anakuvutia kiti ufanye vile vile umeketi. Asiyejua kazi anahesabu tu kwa sauti. Anayejua anatazama uso wako, na pumzi ikikatika au meno yakikazana, anapunguza mwendo kabla hujalalamika. Ana sababu: katika maumivu sugu, mishipa ya fahamu mara nyingi huendelea kupiga kengele hata pasipo na jeraha jipya, na mwendo mdogo usiotisha husaidia kuituliza. Ndiyo maana darasa zuri la wagonjwa halina mvuto wa kutazamwa. (Kusimama kwa kichwa tuwaachie wanaopiga picha.)

Chunga na mikono yake. Anayekusukuma mgongoni ili ushike vidole vya miguu hafai, hata awe na vyeti ukuta mzima.

Kipimo cha mwisho ni asubuhi ya pili. Misuli kukaza kidogo ni kawaida. Maumivu yakizidi yale uliyokuja nayo, mwambie. Akikujibu uvumilie, ada ya wiki ijayo mpelekee mwingine.