Duke walikosea kwenye orodha

Mliofuatilia mkasa wa iPod za Chuo Kikuu cha Duke mnaikumbuka picha yenyewe. Agosti 2004, pale Durham, North Carolina, zaidi ya vifaa 1,600 vinagawiwa bure kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza: iPod ya gigabaiti 20 yenye nembo ya chuo mgongoni, kinasa sauti cha Belkin cha kuchomeka juu, na ndani ratiba ya mwaka na maelezo ya wiki ya kuwapokea wageni. Bajeti ya mradi takriban dola 500,000. Magazeti yakacheka kwamba chuo kinawanunulia vijana redio.

Kicheko hicho kimedumu miaka yote hii, na kwa maoni yangu kilimpiga asiyehusika. Kwamba vijana wangejaza muziki kwenye chombo cha muziki, nani hakulijua? Kosa lilitendeka mapema zaidi, mezani, kabla boksi la kwanza halijafunguliwa. Orodha ya mgao iliandikwa kwa mwaka wa masomo. Ilipaswa kuandikwa kwa somo.

Turudishe mkanda tuitazame taratibu, maana wachambuzi wengi wameipita mbio.

Tuseme wewe ni mhadhiri wa Kihispania. Darasani una wanafunzi 20. 11 ni wa mwaka wa kwanza, waliobaki ni wa pili na wa tatu. Kumi na mmoja wana kifaa, tisa hawana. Utatoa zoezi gani? Ukiwaambia wote warekodi mazungumzo ya dakika tano na kuyaleta Jumatatu, umewaonea tisa. Ukilifanya zoezi la hiari, umeshaliua, kwa sababu kazi ya hiari wiki ya sita ya muhula haifanywi na mtu. Basi unafanya anachofanya kila mhadhiri mwenye akili timamu: unafundisha kama mwaka jana, na kifaa kinabaki mfukoni kikipiga muziki.

Upande wa pili yupo kijana wa mwaka wa kwanza aliyepewa iPod huku hana hata somo moja linaloihitaji. Na hao walikuwa wengi. Masomo yaliyoitumia rasmi mwaka mzima hayakufika 50, katika chuo chenye mamia ya masomo kila muhula.

Duke waliliona pengo. Wakaazimisha vifaa kwa wanafunzi wa miaka ya juu waliokuwa katika masomo yaliyokubaliwa. Kiraka hicho ndicho kinachonikera kuliko kosa lenyewe. Aliyekishona alikuwa ameshajua kwamba kipimo ni somo. Akajua, akatia kiraka, na nguo akaiacha vilevile.

Kwa nini basi walikwenda na mwaka? Nadhani jibu ni jepesi mno. Duke huwalaza wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza sehemu moja, East Campus. Orodha yao ipo tayari, haibadiliki, unagawa siku moja na kazi imekwisha. Orodha ya somo ni balaa: wiki mbili za mwanzo watu wanaingia na kutoka, huyu kahama, yule kaongezeka, na kila anayeacha somo inabidi umfuate akurudishie mali. Mwaka wa masomo unamfaa mgawaji. Somo linamfaa mtumiaji. Duke wakamchagua mgawaji, na tangu siku hiyo mradi ulikuwa unachechemea.

Wasomaji wa safu hii wamenichoka kwa wimbo huu, lakini nitauimba tena: mradi wa vifaa ukianza na hafla ya kukabidhi, ujue umeanza na mwisho. Nilishuhudia hayo katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Vishikwambi vilikuja na keki na mgeni rasmi, sisi walimu tukaambiwa tufikirie matumizi. Miezi minne baadaye tulikuwa bado tunafikiria, na vifaa vilikuwa kabatini kwa mhasibu.

Sasa kinasa sauti. Hapa nitakuwa mfupi kidogo, ingawa nina hasira nacho pia. iPod ya wakati ule ilirekodi sauti mono, sampuli 8,000 kwa sekunde. Maana yake chochote kilicho juu ya hezi 4,000 kinakatwa, yaani sauti ya simu ya mezani. Mhadhara utausikia. Lakini lugha? Tofauti ya *s* na *th*, ya *f* na *s*, kwa sehemu kubwa inaishi huko juu kulikokatwa. Mwambie mtu kwenye simu mbovu neno "thamani", uone kama hataandika "samani". Na madarasa ya lugha ndiyo yaliyokipenda kifaa hiki kuliko mengine! Kisha, ukisharekodi, faili ulipeleke wapi? Chuo hakikuwa na mfumo mmoja uliokomaa wa kuhifadhi sauti na kuzigawa kwa wanafunzi. iPod yenyewe haikuwa na intaneti. Ilikuwa kebo na kompyuta, na iTunes ilikuwa tayari kushusha nyimbo kwenye kifaa, ila mbishi kuzipandisha.

Mgala muue na haki yake mpe: Duke walijitathmini wenyewe na kuchapisha matokeo, kasoro zikiwemo.

Watetezi wao huniambia, "Lakini walikuwa wa kwanza." Hawakuwa. Miaka 40 kabla yao, chuo cha Dartmouth, kule New Hampshire, ilifanya jambo hilohilo kwa mashine ya ukubwa wa kabati, na ikalifanya sawasawa. John Kemeny na Thomas Kurtz, wote walimu wa hisabati, walitaka kila mwanafunzi aguse kompyuta, hata wa historia na fasihi. Alfajiri ya Mei 1, 1964 mfumo wao wa kugawana muda, yaani watu wengi kutumia kompyuta moja kwa pamoja, ukaanza kuendesha programu za BASIC, lugha waliyoitunga wenyewe ili mgeni asiogope. Matumizi yakawa bure, kama rafu za maktaba.

Kemeny na Kurtz hawakumkabidhi mtu chombo wakamtakia heri. Waliipitishia kompyuta kwenye somo la hisabati la mwaka wa kwanza, ambalo wanafunzi wengi walilisoma: una mihadhara michache, una mazoezi ya kuandika programu, na mashine yenyewe inakuambia kama umepata au umekosa. Mwanafunzi alikwenda kwenye kitaipureta kilichounganishwa na mashine kwa sababu kulikuwa na zoezi linalomsubiri. Sehemu kubwa ya programu za mfumo iliandikwa na wanafunzi wa shahada ya kwanza. Kurtz alifariki Novemba 2024 akiwa na miaka 96, na sikuona chuo kimoja huku kwetu kikimtaja.

Chuo Kikuu cha Abilene Christian, Texas, nao waligawa kwa mwaka wa masomo, 2008: kila aliyeingia alichagua iPhone au iPod touch, bili ya simu akalipa mwenyewe. Hao nawasamehe nusu. Kifaa chao kilikuwa na intaneti, na chuo kiliandika programu za mahudhurio na kura za darasani, hivyo mhadhiri alikuwa na kitu cha kushika.

Duke wenyewe, masika ya 2005, mwaka wa kwanza wa mradi haujaisha, walitangaza kwamba kuanzia mwaka wa masomo unaofuata iPod zitatolewa kwa walio katika masomo yanayozitumia. Kifaa kilekile, chuo kilekile, walimu walewale. Waliibadili orodha tu. Uamuzi huo ungeweza kufanywa Julai 2004 bila gharama ya ziada hata senti moja.

Vyuo vyetu hufungua Oktoba. Mhadhiri unayesoma hapa, ukiitwa kwenye kikao cha kugawa vishikwambi, usiulize bei wala chapa. Omba uoneshwe orodha ya masomo, na kwa kila somo zoezi moja lililokwisha kuandikwa. Ukiipata, niletee nakala. Nitaichapa hapa hapa, na jina la chuo juu yake.