Maana: Simba, Shujaa, Mfalme

Juzi mke wangu alinitumia orodha ya majina adimu ya watoto wa kiume. Ana mimba ya miezi minane na tunajua ni kijana. Niliisoma yote ndani ya matatu, kutoka tao hadi Kitengela, na niseme ukweli: kama maandishi, ni kazi dhaifu.

Kila jina limepewa mstari mmoja tu. Jina, asili, maana. Asili mara nyingi ni "Kiafrika", kana kwamba Afrika ni kijiji kimoja chenye mzee mmoja wa kutoa majina. Maana ni simba, shujaa, mfalme. Kuna Jelani, eti ni Kiswahili cha "mwenye nguvu". Nimeongea Kiswahili maisha yangu yote na neno hilo sijakutana nalo. Ninalolijua ni Jilani, la Sheikh Abdul Qadir Jilani, na hilo linasema tu kwamba mtu ametoka Gilan, kule Iran.

Sasa weka orodha hiyo kando ya majina ya huku kwetu. Okoth: mvua ilikuwa ikinyesha. Obonyo: nzige walikuwa wamevamia. Kipchoge: amezaliwa karibu na ghala la nafaka. Hakuna mfalme hapo, na bado Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42 za marathoni kwa saa 1:59:40 mjini Vienna mwaka wa 2019. Majina haya hayamwagizi mtoto awe nani. Yanakumbuka tu siku aliyokuja.

Na hata maana hiyo haitoshi. Mimi ni Mutuku, yaani aliyezaliwa usiku kwa Kikamba. Nilizaliwa saa sita mchana. Usiku huo ni wa babu. Kwetu kifungua mimba wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba, kwa hivyo nyanya alikuwa akiniita "mume wangu" mbele ya watu, nami naficha uso. Orodha haina pa kuandika hilo.

Kwa mpango huo, kijana wetu ni Kioko, jina la babangu. Kioko ni asubuhi. Babangu alitoka nyumbani asubuhi moja nikiwa darasa la sita, na hakurudi. Sasa mnaelewa kwa nini niliisoma orodha hadi mwisho.

Kuna walioihitaji kwa sababu nzito kuliko yangu. Miaka ya 1960 na 1970, Wamarekani Weusi wengi waliacha majina yaliyotokana na mabwana waliowamiliki mababu zao, wakachukua ya Kiswahili na Kiarabu. Mshairi LeRoi Jones akawa Amiri Baraka. Utumwa ulikuwa umewakatia majina ya wazee wao, basi ilibidi maana ya neno ifanye kazi ya babu. Hao siwezi kuwacheka. Mimi jina la babu ninalo mkononi, natafuta tu pa kuliacha.

Hapo ndipo orodha inapopata nguvu yake. Inakupa jina lisilo na mtu ndani. Halina deni, halina shangazi wa kupiga simu kuuliza mbona. Ila huyo Simba wangu siku moja ataniuliza mwenyewe jina lake limetoka wapi. Nitamwambia nini? Kwamba nililiokota kwa simu, matatu ikiwa imekwama Mlolongo?

Tumekubaliana na mke wangu tungoje saa. Kijana akija asubuhi ataitwa Kioko, na asubuhi hiyo itakuwa yake, sio ya babangu. Akija usiku ni Mutuku, hata kama wazee watanung'unika, na mimi nitakuwa nimepata mtu wa kugawana naye usiku wa babu.

Akija saa sita mchana kama mimi, hapo bado tunabishana.