Sentimita Tatu

Lubumbashi ni mji unaoinua magari. Mvua zikianza Novemba, njia za udongo za Katuba na Ruashi hukatika mifereji. Zikikoma Aprili, mifereji hiyo hukauka na kubaki migumu, ikingoja sampu ya oili ya mtu. Ndiyo maana mafundi wa saspensheni hapa hushinda wakipandisha. Huingiza spesa za mpira juu ya springi za mbele, huongeza vyuma bapa kwenye springi za nyuma za HiAce, na mwenye Corolla ya kubebea magunia ya makaa hurudi kila baada ya miezi michache kwa sababu mkia wa gari umelala tena. Katika mji kama huu, kijana anayeingia garajini akitaka gari lishuke huchekwa kabla hajamaliza sentensi.

Mimi simcheki. Hamu yake ina asili, tena ina akili. Magari yetu mengi hutoka Japani, hushuka bandarini Dar es Salaam, huvuka Tunduma, hukata Zambia yote na kuingilia Kasumbalesa, yakiwa na usukani wa kulia katika nchi inayoendesha upande wa kulia. Baadhi yake, Altezza, Mark II au Impreza, hufika yakiwa yameshashushwa na mwenyewe wa kwanza huko alikokuwa. Kijana anaona la namna hiyo limeegeshwa Avenue Lumumba, tairi limejaa kwenye upinde wa madigadi, bodi imetulia juu ya magurudumu manne. Kisha anatazama lake lililowekewa spesa, na kati ya tairi na bati mna pengo la ngumi mbili. Si lazima uwe mchoraji kuona lipi kati ya hayo mawili limekamilika. Mara nyingi hata kiwandani gari huchorwa likiwa chini, kisha wahandisi wakaliinua ili lipite popote litakapouzwa. Anayelishusha kwa kiasi analirudisha karibu na mchoro wake.

Tena uzuri si sababu peke yake. Gari likipinda, uzito hukimbilia tairi za nje, na kadiri kitovu cha uzito kilivyo juu ndivyo unavyohama uzito mwingi zaidi. Ukitaka kulijua hilo mwilini, shika barabara ya Likasi, kilomita 120 za kupishana na malori ya shaba. Dereva akikwepa lori lililosimama bila taa, gari lililo juu lenye springi zilizochoka huyumba linapotoka kwenye njia yake, halafu huyumba vibaya zaidi linaporudi. Ni huko kurudi kunakotupa watu porini. Gari lililoshushwa vizuri hutoka na kurudi kwa mwendo mmoja.

Nimesema lililoshushwa vizuri, na hapo ndipo ufundi ninaotaka kuusifu unapoanzia.

Springi ina adabu yake, na kanuni yake ya msingi ilichapishwa na Mwingereza Robert Hooke mwaka 1678: ukizidisha mzigo mara mbili, nayo huminywa mara mbili. Lakini ugumu wa springi yenyewe hutegemea vitu ambavyo jicho la haraka halivioni. Unene wa waya ndio unaotawala kuliko vyote. Waya wa milimita 12 na wa milimita 13 ukizishika mkononi utasema ni ndugu. Ila mambo mengine yakiwa sawa, springi ya pili ni ngumu kwa karibu asilimia 38 zaidi. Upana wa duara nao una sauti kubwa, kwani duara likipanuka springi inalegea upesi. Idadi ya mizunguko inafuata. Fundi hodari hajui kuandika hesabu hiyo kwa herufi, na pengine hajawahi kuiona, lakini ameibeba vidoleni.

Mtazame anapochagua. Seti mpya za kampuni kama Eibach ya Ujerumani au Tein ya Japani huagizwa mbali kwa pesa nyingi, kwa hiyo mara nyingi anachagua kwenye rundo la springi zilizotoka katika magari yaliyokatwakatwa. Anachomoa moja, anaipangusa vumbi jekundu kwa kiganja, anatafuta alama ya rangi iliyopakwa kiwandani: nukta ya njano, mstari wa bluu. Alama hizo zinamwambia springi ilikuwa ya toleo gani, zito au jepesi. Anapima waya kwa kalipa, anahesabu mizunguko iliyo huru na kuacha ile ya mwisho iliyolalia kikalio, kwa kuwa hiyo haifanyi kazi. Kisha anatafuta pacha wake. Asipompata, anarudisha ya kwanza kwenye rundo, hata iwe nzuri namna gani, maana gari lenye springi mbili zisizolingana huinama upande mmoja na likifungwa breki huweza kuvuta upande. Nimeona mteja akikasirika kwa kurudishwa nyumbani mikono mitupu. Fundi alikuwa amemwokolea pesa.

Kabla ya kugusa chochote anapima gari lenyewe: futi inawekwa katikati ya gurudumu na kupandishwa hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, na namba zinaandikwa kwa chaki sakafuni. Na kabla ya futi kuna maswali.

“Papa, uilaze chini kabisa,” anasema kijana.

“Unaikalaka wapi?”

“Ku Katuba.”

“Na mama yako, unamupelekaka ku soko na hii motokari?”

Kijana anadhani mzee anapiga soga. Kumbe hicho ni kipimo cha pili. Anayeishi mtaa wa Golf na kufanya kazi katikati ya mji ana lami karibu mlangoni. Wa Katuba ana mita mia kadhaa za mashimo kabla hajaiona lami, na kama nyuma watakaa mama, shangazi na gunia la unga, gari litashuka lenyewe bila kushushwa na mtu. Gari dogo la saluni huwa na nafasi ya kiasi cha milimita 150 toka ardhini. Ondoa 30 kwa springi, halafu pakia familia, ndipo utajua yale matuta yaliyomwagwa mbele ya shule bila kupimwa yana urefu gani.

Sasa kuna wale wa grenda. Hao hawaulizi. Wanatoa springi ya asili, wanakata mzunguko mmoja au miwili, wanairudisha, na jioni kijana anaondoka akipiga honi. Hesabu haiwapingi moja kwa moja: springi yenye mizunguko sita inayofanya kazi ikikatwa mmoja inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20, kwa hiyo ni kweli gari limeshuka na limekaza. Shida ni ule mwisho uliokatwa. Haulali tena kwenye kikalio chake, na springi imekuwa fupi kiasi kwamba gurudumu likining'inia juu ya shimo, inacheza na inaweza kukaa upande. Wabaya kuliko hao ni wanaoipasha springi kwa moto wa gesi mpaka ilegee. Shaba tupu, ile iliyoujenga mji huu tangu 1910, ukiipinda inakubali na kubaki ilivyopindwa. Chuma cha springi kinasifiwa kwa kukataa. Ukataaji huo kilipewa tanuruni kwa joto lililopimwa, na moto wa kubahatisha unaufuta. Gari linakaa wiki mbili, linaendelea kushuka pembe moja peke yake, na siku moja springi inakatika.

Jambo ambalo linanishangaza kila nikilifikiria ni kwamba gari linaweza kushushwa mpaka likalala zaidi kwenye kona kuliko lilivyokuwa mwanzo. Magari mengi madogo ya Kijapani yana saspensheni ya mbele ya mtindo alioubuni Mmarekani Earle MacPherson katika miaka ya 1940. Chini yake kuna mkono wa chuma unaotoka kwenye chasi kwenda gurudumuni. Gari likiwa katika kimo chake, mkono huo uko karibu usawa au umeinamia gurudumu. Likishuka mno, mkono unaelekea juu, na ile nukta ambayo bodi huizunguka inaporomoka upesi kuliko uzito wenyewe. Umbali kati ya hivyo viwili unaongezeka, bodi inapata wenzo mrefu wa kujilaza, na tairi nazo zinaanza kuliwa upande wa ndani. Kijana amelipa ili gari lishike barabara, naye amepata kinyume chake. Fundi mzuri huchuchumaa mbele ya gurudumu akautazama mkono huo kwanza. Ndio unaomwambia aishie wapi. Kwa magari mengi niliyoyaona jibu ni kama sentimita tatu, na kwa wa Katuba ni mbili.

Kisha shokapu. Springi hutunza nguvu ya shimo, shokapu huila nguvu hiyo na kuigeuza joto. Springi ngumu ikifungwa juu ya shokapu iliyochoka, gari hurukaruka kwenye lami yenye mawimbi na tairi huachana na barabara, ndiyo hasara ileile tuliyokuwa tunaikimbia. Kwa hiyo fundi husema bei ya vyote viwili pamoja, na kijana huondoka akinung'unika kwamba mzee ni mwizi. Mambo mengine ni madogo lakini fundi hayasahau: mpira wa kuzuia springi isigonge mwisho hupunguzwa kidogo, taa za mbele huelekezwa upya, magurudumu hupangwa.

Anapomaliza, gari halipigi kelele. Wengi hawatajua kwamba limeguswa. Wataona tu kwamba ni zuri na hawatasema kwa nini. Huo ndio ufundi ninaouheshimu kuliko ule wa gari linalokwaruza lami mbele ya baa za Kamalondo, likitazamwa na kila mtu na lisiloweza kufika hata mji jirani wa Kipushi.

Basi, wewe mwenye hamu hiyo, ishike wala usiione haya, ila weka akiba mpaka itoshe springi na shokapu pamoja. Ukifika garajini na fundi akawasha grenda kabla hajakuuliza unalala wapi na unabeba nani, chukua ufunguo wako uondoke.