Fanani Mdogo Mbele ya Skrini: Swala la Ubunifu katika Hadithi za Watoto za Dijitali

Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa kote nchini Kenya mwaka 2019, imekuwa desturi kuutaja ubunifu wa mtoto na matumizi ya dijitali kwa pumzi moja. Mfumo wa mtaala uliotolewa mwaka 2017 ulivitenga vitu hivi viwili, kila kimoja kikiwa na nafasi yake miongoni mwa umilisi 7 wa kimsingi. Hata hivyo, aghalabu cha pili huchukuliwa kuwa dalili ya cha kwanza: mtoto akigusa kishikwambi na hadithi ikatokea, basi husemwa kwamba amebuni. Dhana hii yafaa kuchunguzwa, kwa sababu fasihi simulizi ya Waswahili inacho kipimo chake cha ubunifu, nacho hakitokani na chombo.

Kipimo hicho ni hadhira. Fanani asemapo "Paukwa!" na watoto wakamjibu "Pakawa!", huwa bado hajaanza hadithi, huwa anaomba ruhusa tu. Ichukuliwe ngano ya fisi aliyefika njia panda, akavutwa na harufu ya nyama kutoka pande mbili hata akapasuka msamba. Kila mtoto aliyeketi pale aijua. Anayeisimulia hana habari mpya ya kutoa, na ubunifu wake umo katika mambo madogo: karamu ya upande huu ni ya nani, fisi anajisemesha nini, mguu upi unatangulia, sauti inakatika wapi. Wasikilizaji wakicheka, kipande kile hurefushwa; wakiuliza swali, jibu hutungwa papo hapo. Ruth Finnegan alilisisitiza jambo hili mwaka 1970 katika Oral Literature in Africa, aliposhikilia kwamba fasihi simulizi haiwezi kueleweka nje ya utendaji wake. Kitabu hicho kilipotolewa upya mwaka 2012, kikiwa huru kusomwa katika intaneti, kiliambatanishwa na sauti alizozirekodi mwenyewe Sierra Leone. Wataalamu, basi, wamekwisha kupewa sauti. Watoto wangali wakipewa picha na maandishi.

Mfano ulio karibu ni African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, ambao tovuti yake ilifunguliwa mwaka 2014 na ambao Kenya ilikuwa mojawapo ya nchi zake za majaribio. Sifa zake si haba. Umewapatia watoto hadithi katika lugha nyingi za Afrika ambazo wachapishaji waliziona hazina soko. Mtumiaji aweza kusoma, kutafsiri, kuirekebisha hadithi ya mwenzake, au kutunga yake. Lakini atungaye huwekewa umbo tayari: ukurasa, picha moja, na mistari michache chini yake. Hadithi zenyewe zimepangwa kwa viwango, kuanzia maneno ya kwanza hadi aya ndefu. Viwango hivyo vimekusudiwa kumsaidia anayejifunza kusoma, na kwa kazi hiyo vinafaa. Vikigeuzwa kuwa vipimo vya kutungia, huwa ua. Mtoto ambaye kwa kinywa chake aweza kumtembeza fisi robo saa nzima hujikuta akiandika kwamba fisi alikuwa na njaa, kisha anafungua ukurasa mwingine.

Picha nazo zina taabu yake. Akichagua katika hazina ya picha zilizokwisha kuchorwa, mtoto huanza na fisi wa mtu mwingine, mwenye uso na hali aliyopewa na mchoraji, naye hubakiwa na kazi ya kumweleza. Walimu wa Kiswahili hawana haja ya kuelezwa hatari hii, kwa kuwa waliishi nayo muda mrefu. Katika mtihani wa KCPE, uliofanywa kuanzia mwaka 1985 hadi 2023, mtahiniwa alikuja kuandika insha kwa dakika 40 akiwa amekariri mapambo: jogoo wakiwika, jua likichomoza, mhusika akitweta, methali mbili tatu za kufungia. Hazina ya picha na hazina ya tamathali ni ndugu. Yaweza kupingwa kwamba ngano pia ina fomula zake, na kweli inazo; ila fomula ya ngano hutamkwa mbele ya watu wanaoweza kukataa kuijibu, na ile ya insha iliandikwa kwa msahihishaji asiyeonekana.

La kustaajabisha ni kwamba walioasisi usimulizi wa dijitali hawakuanzia kwenye mashine. Joe Lambert na wenzake, waliofungua kituo chao San Francisco mwaka 1994, waliwaketisha washiriki katika duara kwanza, kila mmoja akawasomea wengine rasimu yake na kusikiliza maoni yao. Kompyuta ilifuata baadaye, na sauti ya msimulizi mwenyewe ikafanywa nguzo ya kazi nzima. Washiriki hao walikuwa watu wazima wakieleza maisha yao, si watoto wakitamba ngano. Lakini lile duara ndilo hasa lililoachwa njiani wakati vifaa vilipopelekwa madarasani, huenda kwa sababu duara halina bei wala halihitaji zabuni.

Isidhaniwe kwamba chombo hakina lake. ScratchJr, programu iliyotolewa mwaka 2014 kwa watoto wa miaka 5 hadi 7, humruhusu mtoto kumchora mhusika wake na kumtilia sauti aliyoirekodi mwenyewe. Mradi mmoja hauzidi kurasa 4, na mtoto asiyejua kuandika bado aweza kutunga. Tena humpa jambo ambalo baraza la ngano halikuweza kumpa: kujisikia akisimulia, kuchukia alivyosimulia, na kurudia. Mtoto mwenye haya hunufaika zaidi kwa hilo.

Na katika African Storybook sehemu iliyo na thamani kubwa kwa mhakiki wa ngano ni ile ya kurekebisha, ambayo husifiwa kidogo kuliko picha. Leseni yake huria humruhusu yeyote kuichukua hadithi iliyopo na kuigeuza. Hivyo ndivyo ngano zilivyoishi siku zote. Fisi wa Lamu akipokewa na mtoto wa Kakamega, karamu zikabadilika, wala hakuna aliyeiba. Mashaka ni kwamba urekebishaji umeelekea kuwa kazi ya watu wazima: mwalimu, mfasiri, mhariri asahihishaye Kiswahili cha mtoto mpaka kikafanana na cha kitabu. Mtoto wa Mombasa aliyesema "ndoo" akimwita fisi aje hukuta fisi wake anaambiwa "njoo".

Kwa hiyo ipo haja ya kutazama kinachohifadhiwa. Rekodi ya darasani iwe na kicheko na maswali ya wenzake mtoto, badala ya kusafishwa ibaki sauti moja. Na toleo la pili liwekwe kando ya la kwanza, si juu yake.