Kutafsiri si Kurahisisha

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Hatua hiyo inastahili pongezi. Hata hivyo, amri zilibaki nyingi vilevile: mwanafunzi wa Kampala anayetaka kuandika barua tu hukutana na orodha ndefu ya amri asizozihitaji. Nasi wataalamu wa lugha tumeongeza ugumu. Mashine moja tunaiita kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Kifaa chake cha kubofyea ni kipanya au puku. Kwa Mganda anayejifunzia Kiswahili darasani, huo ni mzigo juu ya mzigo. Watengenezaji wapunguze amri. Walimu tukubaliane istilahi moja, tuifundishe.